Leseni Ilitangulia Texas, Mimi Nikafuata

Nilimaliza shahada ya uuguzi Mei 2024, Massachusetts, na Agosti mwaka huohuo nikahamia Texas. Tangu wakati huo nimepigiwa simu na wasichana na vijana wengi wa kwetu wanaokaribia kumaliza shule ya uuguzi na wanataka kuhama jimbo. Kila mmoja huanza na nyumba: nitakaa wapi, kodi ni ngapi, gari nilisafirishe vipi. Na mimi nilianza hapohapo. Nilipoteza miezi miwili nikiangalia picha za nyumba kwenye simu kabla sijaelewa kwamba nyumba ndiyo ya mwisho.

Nilifika Lowell, mji wa Massachusetts, mwaka 2017 na grini kadi, nikitoka Likoni, Mombasa. Lowell Wakenya tumejaa, na kama wengi wa pale nilianza na kazi ya CNA, usaidizi wa wauguzi katika nyumba za wazee. Usiku nawageuza wazee vitandani, nawaosha, nawabadilisha nguo. Asubuhi nalala kwa saa nne, halafu darasani. Miaka saba nilizoea. Nilikuwa na kaka yangu mdogo, nilikuwa na kina mama wa chama chetu, nilijua basi gani linapita wapi na saa ngapi. Sikuwa na haja ya kuondoka ila kazi. Hospitali nilizoomba upande wa Boston zilitaka mwaka mmoja wa uzoefu, na kodi ya nyumba ilikuwa imepanda hadi zamu za ziada hazitoshi. Binti wa khalati yangu, ambaye ni muuguzi karibu na Fort Worth, Texas, akaniambia hospitali za kule huchukua wahitimu wapya kwa makundi, zikawafundisha miezi kadhaa kabla ya kuwaachia wagonjwa. Niliomba nafasi 23 kati ya Novemba na Februari. Nikaitwa mahojiano matatu, yote kwa video. Machi nikapata moja, kwa sharti kwamba leseni ya uuguzi ya Texas iwe mkononi kabla ya siku ya kuanza, Septemba.

Sasa hapo kwenye leseni ndipo nataka msomaji akae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa na muda.

Marekani mtihani wa uuguzi ni mmoja nchi nzima, NCLEX. Lakini leseni hutolewa na bodi ya jimbo, na kila jimbo lina bodi yake na masharti yake. Hakuna sheria inayosema uombe leseni mahali uliposomea. Unaweza kusoma Massachusetts, ukaomba leseni Texas, na ukafanya mtihani kwenye kituo kilicho karibu na nyumbani kwako Massachusetts. Matokeo yanakwenda kwa bodi uliyoiomba. Mwenzangu mmoja darasani alikuwa na mpango wa kuhama kama mimi, lakini akachukua kwanza leseni ya Massachusetts, halafu ndiyo akaomba nyingine kule alikokuwa anakwenda. Alilipa mara mbili, akangoja mara mbili, na nafasi yake ya kazi ikapewa mtu mwingine. Aliumia sana. Mimi niliomba Texas moja kwa moja.

Kuna pia mkataba wa majimbo, ambao ukiwa mkaazi wa jimbo mwanachama, leseni yako moja inafanya kazi katika majimbo yote yaliyojiunga. Yamepita 40 sasa. Texas imo tangu mwaka 2000. Massachusetts haikuwamo nilipokuwa nahama. Sheria ya kujiunga ilitiwa sahihi Novemba 2024, mimi nimeshaondoka. Neno kubwa hapo ni mkaazi. Kwa kuwa anwani yangu bado ilikuwa Lowell, leseni niliyopewa kwanza ilikuwa ya Texas peke yake. Hiyo haikuwa kasoro, ilinitosha kuanza kazi. Nilipokwisha kuhamia na kupata leseni ya udereva ya Texas, ndipo nikaijulisha bodi kwamba nyumbani kwangu sasa ni hapa, nikapata ile ya majimbo mengi. Na walio tayari na leseni ya mkataba wajue hili: tangu Januari 2024, ukihama kutoka jimbo mwanachama kwenda jingine una siku 60 za kuomba leseni ya jimbo jipya. Usikae na ya zamani ukidhani itakubeba.

Kilichonisumbua kuliko yote ni vidole vyangu.

Bodi ya Texas inataka alama za vidole ili ichunguze kama una makosa ya jinai. Nilikwenda nikapigwa wino, kadi zikatumwa, na baada ya wiki kadhaa zikarudi: hazisomeki. Nikaenda tena. Yule kijana aliyekuwa ananichukua alama alikibonyeza kidole gumba changu, akakiangalia kwenye mwanga, akakifuta, akakibonyeza tena. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema anaowapata hivi ni wapishi, mafundi ujenzi na watu wa hospitali. Miaka saba ya sabuni, dawa ya kuulia vijidudu na glavu zimelainisha ncha za vidole hadi mistari imefifia. Nilijitazama mikono nikiwa nimesimama pale, na machozi yalinitoka, maana sikuwahi kuiangalia mikono yangu hivyo. Alinishauri nivipumzishe. Wiki mbili nilijipaka mafuta ya nazi kila usiku, nikalala na glavu za pamba, na kazini nikaomba kubadilishana zamu nipunguze kuosha. Safari ya tatu zikasomeka. Kwa hiyo anayefanya CNA na anafikiria kuhama, aanze alama za vidole mapema kabisa, na aanze kupaka mafuta leo.

Mengine yalikwenda. Mkuu wa idara yetu ya uuguzi alitakiwa kuithibitishia bodi kwamba nimehitimu. Nilimkumbusha kwa adabu mara tatu, na ya tatu nikaenda ofisini kwake mwenyewe. Jina nililihakikisha herufi kwa herufi, kwa sababu sisi wa majina matatu huwa hapa tumeandikwa hivi na pale vile, na jina la kwenye maombi ya mtihani lisipolingana na la kwenye kitambulisho unarudishwa mlangoni. NCLEX ya sasa, ile iliyoanza Aprili 2023, ina maswali yasiyopungua 85 na yasiyozidi 150, kwa saa tano. Mashine yangu iliacha kuniuliza kwenye la 85, mtihani ukaisha. Siku mbili nilikaa sijui nimepita au nimeanguka, halafu asubuhi nikafungua tovuti ya bodi ya Texas nikaandika jina langu, likatokea, na namba ya leseni mbele yake. Nilimpigia mama Likoni. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Texas ina mtihani mwingine ambao Massachusetts sikuusikia: mtihani wa sheria za uuguzi za jimbo. Unaufanya nyumbani kwenye kompyuta, na unaruhusiwa kufungua sheria ukisoma. Wengi huutafutia majibu haraka wakamalizana nao. Mimi niliusoma taratibu mezani jikoni, kurasa zote, na nitaeleza baadaye kwa nini namshukuru Mungu kwa hilo.

Baada ya leseni ukaja mkataba wa kazi. Nilipewa dola 4,000 za kuhamia, na karatasi ikasema nikiondoka kabla ya miaka miwili nitazirudisha. Nilimwandikia barua pepe mtu wa ofisi ya ajira nikauliza: nikibadilisha wodi ndani ya hospitali nahesabiwa nimeondoka? Nikiugua je? Nikaomba majibu kwa maandishi, nikapewa. Kingine: pesa za kuhamia anazokupa mwajiri zinakatwa kodi kama mshahara. Katika 4,000 zangu zilifika 2,800 na kitu. Kama ningekuwa nimezipangia zote, ningekwama njiani. Nilikuwa na akiba yangu ya dola 7,000, na bila hiyo nisingethubutu, kwa sababu mshahara wa kwanza niliuona wiki sita baada ya kuondoka Lowell. Kweli Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, na Massachusetts hukata asilimia 5, lakini kwa mwaka wa kuhama bado unaifanyia Massachusetts hesabu ya miezi uliyofanya kazi kule.

Tulikwenda kwa gari, mimi na kaka yangu. Ni zaidi ya maili 1,700. Virginia tulilala usiku wa kwanza, Nashville wa pili, na siku ya tatu tukavuka Memphis, Arkansas yote, tukaingia Texas jua likizama. Kitanda na meza nilivigawa Lowell. Nilichobeba ni nguo, vitabu, sufuria mbili, leso zangu, na mbuzi ya kukunia nazi ambayo mama alinipa nilipoondoka nyumbani. Kaka alipanda ndege kurudi siku mbili baadaye. Nilimwacha uwanjani Dallas, nikarudi garini, joto lilikuwa nyuzi 39, nikakaa humo na mlango wazi sijui niende upande gani.

Nyumba sikuikodi kwa picha. Binti wa khalati alinitafutia chumba Arlington, mji ulio kati ya Dallas na Fort Worth, kwa mama mmoja wa Kilifi, mtu mzima mwenye huruma, nikakaa kwake miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu ilinifaa kuliko kitu kingine chochote. Niliendesha gari saa kumi na moja alfajiri, saa ya zamu, nikaona njia ipi inafungana. Niligundua kwamba Arlington, pamoja na ukubwa wake, haina mabasi ya njia kama niliyoyazoea Lowell. Bila gari hujiwezi. Na nilipokwenda kukodi nyumba yangu nilikuwa na hati za mshahara za kuonyesha. Nilikuwa pia nimeshabadilisha leseni ya udereva, ambayo mgeni anapewa siku 90, na usajili wa gari, ambao ni siku 30. Jioni nikirudi yule mama ameniwekea chakula. Nilikuwa nikimwamkia shikamoo, ananijibu marahaba mwanangu, na kwa siku ile lilikuwa neno la kwanza la Kiswahili kuingia masikioni mwangu.

Kazini nilianza pamoja na wenzangu wahitimu, kila mmoja na muuguzi mwelekezi wake, kwa wiki 14. Niliyoyajua kwa miaka ya CNA yalinisaidia: kumgusa mgonjwa bila woga, kujua kwa macho tu kwamba huyu leo si yule wa jana. Nisiyoyajua yalikuwa mengi. Simu za madaktari zilinitetemesha, maana lafudhi yangu waliiuliza mara mbili mbili. Nikajifunza kuandika kwanza kwenye karatasi nitakayosema, jina la mgonjwa, tatizo, vipimo, ninachoomba, halafu ndipo napiga. Kihispania nilijifunza maneno ya maumivu na ya choo kwanza.

Mwezi wa pili wa kusimama peke yangu, usiku, nilikuwa na wagonjwa sita. Nilikuwa nimemfungulia mzee mmoja damu ya kuongezewa, na dakika 15 za kwanza za damu huondoki. Unapima joto, presha, mapigo, unamwangalia usoni, kwa sababu mwili ukikataa damu hiyo huanza kuonyesha hapo. Muuguzi kiongozi wa zamu akasimama mlangoni akaniambia mgonjwa wa saba anapandishwa kutoka chumba cha dharura, nikampokee. Nikamwomba dakika 15. Akasema ameshafika kwenye lifti.

Hapo nikakumbuka meza ya jikoni Lowell. Sheria ya Texas ina kinga inayoitwa Safe Harbor, bandari salama. Muuguzi akiona kwa nia njema kwamba kazi anayopewa itahatarisha mgonjwa, anaweza kusema na kuandika hapohapo, kabla ya kuifanya, na sheria inamlinda asilipiziwe kisasi wala bodi isimwadhibu. Mimi ni mtu wa Likoni, nimekua nikiangalia meli zikiingia bandarini. Neno hilo lilinikaa tangu siku niliyolisoma. Nilimwambia kwa sauti ya chini, mkono wangu ukiwa kwenye kifundo cha yule mzee: samahani, nikimwacha huyu sasa si salama, na kama hakuna njia nyingine naomba fomu ya Safe Harbor. Alininyamazia. Nilihisi moyo unapiga hadi kooni. Kisha akatoka, na nikamsikia akisema mwenyewe kwamba atampokea yule wa saba.

Mzee damu ilimkubali. Saa kumi alfajiri akaniomba chai.

Yule kiongozi hakunisema vibaya, na wiki iliyofuata alinionyesha fomu zinakaa droo gani.

Nina nyumba yangu sasa, vyumba viwili, dakika 20 kutoka kazini. Chumba changu kwa yule mama wa Kilifi amekichukua msichana aliyefika majuzi kutoka Minnesota, leseni yake ya Texas imeshatoka, kazi anaanza mwezi ujao. Mbuzi yangu ya nazi iko kwake kwa muda, hajapata yake. Ijumaa niko mapumzikoni, nampeleka akabadilishe leseni ya udereva.