SP, kimeng'enya na chumba cha seva

Nilikuwa darasa la nne mwaka 2003 nilipougua malaria. Mama akanipa SP (sulfadoksini na pirimethamini), maana ndiyo ilikuwa dawa ya malaria ya chaguo la kwanza Tanzania tangu klorokwini ilipoondolewa mwaka 2001. Homa ikashuka, kisha ikarudi baada ya wiki mbili. Mama akamgombeza mwenye duka kwamba kauza vidonge feki.

Miaka mingi baadaye, kwenye utafiti wangu wa uzamili, nikaamua kuifuatilia dawa ile hadi ndani ya kimelea. Kimelea cha malaria hakiwezi kutengeneza DNA bila folati, aina ya vitamini B, na DHFR ndicho kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini) kinachoiandaa. Pirimethamini, moja ya dawa mbili zilizomo ndani ya SP, hujichomeka kwenye shimo la kimeng'enya hicho na kulikalia. Watafiti wa Thailand walichapisha umbo lake mwaka uleule wa homa yangu. Nilipolifungua kwenye kompyuta nikalizungusha, niliona jambo ambalo sikuwahi kulielewa darasani: serini, asidi amino (kipande kimoja cha mnyororo wa protini) ya nafasi ya 108, ikibadilika kuwa asidi amino nyingine, asparajini, mkono wake mrefu zaidi unaigonga atomu ya klorini ya dawa. Folati yenyewe haifiki pale, kwa hiyo kimelea kinaendelea na kazi zake.

Nikataka nipime mwenyewe. Ili bakteria wa E. koli wanitengenezee kimeng'enya hicho, niliwaingizia jeni zake za aina mbili: ya kawaida, na yenye mabadiliko matatu (nafasi za 51, 59 na 108), ambayo imeenea sana Afrika Mashariki. Kwenye nyuzi 37 bakteria walistawi, lakini protini ilijikunja ovyo ikazama kama maziwa yaliyokatika. Suluhisho linajulikana: shusha joto hadi nyuzi 20, usiku kucha. Kwa Dar es Salaam hilo ni rahisi kulitamka. Mashine yetu ya kutikisia chupa za bakteria ilijua kupasha tu, kupoza haijui. Nikaomba kuihamishia chumba cha seva, penye kiyoyozi kisichozimwa. Fundi wa kompyuta akakubali kwa sharti moja, nisimwage kitu.

Kipimo chenyewe ni chepesi. NADPH, kemikali ambayo kimeng'enya huitumia kufanya kazi, hufyonza mwanga wa nanomita 340, na kadiri inavyotumika, mstari wa grafu unashuka. Wangu ulishuka vizuri Jumatatu, Jumanne ukasuasua, Alhamisi ukagoma. Wiki tatu nzima nikakilaumu kimeng'enya. Kumbe kilichoharibika ni dihidrofolati, aina ya folati ambayo kimeng'enya huifanyia kazi, ambayo hewa na mwanga huiharibu upesi, nami nilikuwa naiacha mezani nikienda kula! Nikaigawa kwenye vichupa vidogo, kila kimoja cha kutumia mara moja, nikavifunga kwa karatasi ya aluminiamu na kuvigandisha.

Baada ya hapo mistari ikatulia. Kimeng'enya cha kawaida kilizimwa na pirimethamini kidogo mno. Chenye mabadiliko, kwa kiasi kilekile, kiliendelea kana kwamba sijaweka kitu.

Nikampelekea mama ile grafu. Akaitazama, akasema, "Basi yule wa duka nilimsema bure." Halafu akaniuliza swali ambalo msimamizi wangu hakuniuliza: "Sasa mbona kliniki wajawazito bado wanapewa SP?" Nikamweleza kwamba hata penye usugu bado inasaidia mtoto azaliwe na uzito mzuri, na kwamba sababu yake haipo yote ndani ya kimeng'enya changu.