Mama katoka na kandambili moja

Jamani, mnaoishi karibu na kambi za jeshi mtanielewa.

Saa mbili kasoro asubuhi, nakoroga uji. PUU! Vikombe vikacheza kabatini. Sijasema neno, la pili hilo.

Kutoka nje, mama keshafika getini. Kandambili mguu mmoja, mjukuu mgongoni, mkononi ule mfuko wa rambo wenye hati ya kiwanja na vyeti vyetu.

Mfuko huo unakaa nyuma ya mlango tangu Aprili 2009, ghala la mabomu la Mbagala lilipolipuka. Tulikuwa tunaishi kulekule.

"Mama, ni mazoezi tu. Walitangaza."

"Walimtangazia nani?"

Nikakosa jibu. Gari la matangazo lilipita jana, barabara kubwa tu, yeye yuko sokoni. Mjumbe katuma kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Mama anatumia kiswaswadu.

Sisemi wasifanye mazoezi. Askari asiyejua kulenga atatulinda na nini? Na tuseme ukweli, kambi ilikuwepo, sisi ndio tuliwafuata na viwanja vyetu vya bei chee. Ila kupiga hodi kwenye nyumba za wazee, siku moja kabla, kuna ugumu gani?

Saa nane kukatulia. Mama kapika, anacheka, anawasimulia majirani alivyokimbia.

Lakini mfuko hajaurudisha nyuma ya mlango. Kaukalia.

Nyie wa jirani na kambi, kwenu mnaarifiwaje? Na wazee wenu mnawatulizaje?