Unguja hadi Lubumbashi: -ni ilivyogeuka mu

Bandarini Unguja, kabla boti haijang'oa nanga, mtu aliniuliza, "Mizigo yote imo?" Imo: ndani ya chombo. Angesema "ipo", angetaka kujua kama iko hapa hapa. "Iko" ingetosha kwa upande wowote ule. Pwani tofauti hizi hazichezewi, kwa sababu -ni, kiambishi cha mahali mwishoni mwa nomino, yenyewe ni pana mno. "Nyumbani" ni sebuleni, ni uani, ni mtaa mzima. Kinachokata shauri ni upatanisho, yaani umbo la neno linalofuata nomino: nyumbani mwangu, ndani; pangu, mahali hasa; kwangu, upande ule.

Kutoka Dar es Salaam nilipanda reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ikifuata karibu njia ileile ya misafara ya Tabora na Ujiji. Kadiri tulivyoelekea bara, "iko" ilizidi kumeza wenzake: pesa iko mfukoni, mtoto yuko ndani. Maana haipotei, ila msikilizaji huachiwa kazi ya kukisia.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na zaidi Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mambo yanageuka. Niko ku kazi. Iko mu nyumba. Alama ya mahali imehama kutoka mkiani mwa nomino hadi mbele yake, na sasa ndiyo inayotofautisha ndani na upande. Upatanisho nao umerudi kwa nomino: "mu nyumba yangu", si "mwangu". Mji huu ulianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, na wafanyakazi walikuja na Kiluba, Kibemba na lugha nyingine ambazo mu, ku na pa hukaa mbele ya nomino. Kwa Kibemba, ndani ya nyumba ni "mu ng'anda". Kwa hiyo sikubali kabisa wanaokiita Kiswahili kilichovunjika. Mfumo huo ni wa kale katika lugha za Kibantu, na pwani wenyewe tunao katika humu, huku na hapa.

Kwa msafiri, kuna mawili ya kuangalia. Jina la mji pwani husimama peke yake, "nakwenda Lubumbashi". Kule huwa "ku Lubumbashi". Kwa mtu, "kwa daktari" inafaa kote. (Nairobi "kwa" imeenea hadi "kwa nyumba", mtu wa pwani akisikia hivyo husubiri jina la mwenye nyumba.)

Ukipanga miadi, uwe makini zaidi. Pwani "mwakani" ni mwaka ujao. Lubumbashi "mu mwaka" hungoja tarakimu, na mwaka wenyewe waweza kuwa uliokwisha kupita.