Saiwa kwa Miguu

Sisi tunaoishi Nakuru tumezoea kuwatazama wanyamapori kupitia dirisha la gari. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru haturuhusiwi kushuka ila katika sehemu zilizotengwa, kama vile Baboon Cliff na maporomoko ya Makalia, na amri hiyo ni ya haki kabisa, kwa kuwa ndani mna faru, nyati, simba na chui. Hata hivyo, mtu anayependa kutembea hutoka humo na kiu yake. Yangu mimi huenda kuikata Saiwa, mahali ambapo gari huachwa langoni na kila mgeni, awe na cheo gani, huingia kwa miguu.

Hifadhi ya Taifa ya Kinamasi cha Saiwa iko Trans Nzoia, kama kilomita 20 kutoka Kitale kwa barabara iendayo Kapenguria. Ndiyo ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini Kenya, kwani ukubwa wake ni takriban kilomita 3 za mraba tu. Ilianzishwa mwaka 1974 ili kumlinda sitatunga, ambaye pia huitwa nzohe, mnyama wa ukoo mmoja na pongo na tandala ambaye maisha yake yote yako majini na matopeni.

Ukimwona kwa mara ya kwanza utaelewa kwa nini alihitaji mahali pake peke yake. Kwato zake ni ndefu, nyembamba, na hutanuka anapokanyaga, hivyo humwezesha kupita juu ya tope laini ambalo lingemnasa mnyama mwingine. Kwenye ardhi kavu kwato hizohizo humfanya aende kwa shida, na ndiyo sababu ni vigumu kwake kuhamia kwingine kinamasi kikikauka. Akishtuka sana huzama majini na kubakiza pua nje ili avute pumzi.

Njia za wageni hapa Saiwa ni vijia vya udongo pembezoni mwa msitu na madaraja ya mbao yanayokatiza katikati ya matete na mafunjo. Ipo pia minara ya mbao ya kupanda na kungojea, na kungojea ndiko kunakofaa zaidi kuliko kwenda. Utakaa juu pale asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado umelala juu ya matete, na kwa muda mrefu hutaona kitu. Kisha sehemu moja ya matete itatikisika ilhali hakuna upepo, litatokea sikio moja linalofukuza nzi, na hatimaye jike zima la rangi ya hudhurungi iliyoiva, lenye mistari myeupe mbavuni na maji yakimfika magotini, litasimama likitafuna majani machanga bila haraka yoyote. Kuzungumza wakati huo, hata kwa kunong'ona, ni kuwanyima wenzako walichokijia.

Upande wa msitu nao una wenyeji wake. Tumbili wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe na kipaji cha rangi ya chungwa, ana desturi ya kutulia tuli kwenye tawi anapohisi hatari, kiasi kwamba unaweza kupita chini yake usimjue. Wapo mbega, wapo korongo wenye taji, na kuna shorobo wa Ross ambaye akiwa ametua huonekana mweusi mwenye kung'aa, lakini akiruka mabawa yake hufunua wekundu mkali.

Udogo wa Saiwa ndio unaonitia wasiwasi. Ukitoka nje ya uzio unakutana mara moja na mashamba ya mahindi, maana Trans Nzoia ndiyo ghala la taifa, na maji ya kinamasi hiki hupitia kwanza katika mashamba hayo kabla ya kufika kwa sitatunga. Mkulima wa juu akilima hadi ukingoni mwa kijito, mvua hushusha udongo na mbolea. Akipanda mikaratusi penye chemchemi, maji hupungua. Simlaumu mtu anayetafuta karo ya watoto wake katika ekari mbili. Ila naamini kabisa kwamba askari wa wanyamapori peke yao hawawezi kukilinda kinamasi hiki, na kwamba kila kingo ya kijito iliyoachiwa nyasi na miti ya kiasili ina manufaa kuliko uzio mpya. Maji hayo hayaishii hapo, kwani huendelea hadi mto Nzoia, na Nzoia hadi Ziwa Victoria.

Anayetaka kwenda afike alfajiri au jioni, kwa sababu mchana sitatunga hujificha. Kati ya Desemba na Februari njia huwa kavu; masika yakianza, mbao za madaraja huteleza na gambuti ni lazima. Chukua darubini, koti la mvua na chakula chako, na ulipe kiingilio mapema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwani fedha taslimu hazipokelewi langoni.