Siku moja maishani mwangu: tarehe 8 ya mwezi

Saa kumi na moja alfajiri. Adhana yaniamsha kabla ya simu. Naishi Likoni, Mombasa, na mtu wa Likoni hupanga maisha yake kwa feri. Leo ni tarehe 8, na mwisho wa kupeleka kodi za wafanyakazi KRA, mamlaka ya mapato, ni kesho. Chai ya rangi, mahamri mawili ya jana, natoka.

Saa kumi na mbili na robo. Feri imejaa. Msongamano huu mara nyingine hunirudisha mpakani Gisenyi, upande wa Rwanda, Januari 2025 nilipokimbia Goma, Kongo, mkoba kifuani vivi hivi. Sipati muda wa kuliwaza sana: feri ikigusa ng'ambo watu hutoka mbio, nami mbio.

Saa mbili kasorobo, Shimanzi. Babu mlinzi huniita "Mama Aksanti", kwa kuwa ndivyo nilivyomshukuru siku ya kwanza na akacheka hadi akakaa chini. Goma nilikuwa mkuu wa wafanyakazi wa shirika lenye watu 64, kwa miaka tisa. Hapa ni karani msaidizi katika godauni la chai. Hata kiti hiki nilikipata baada ya kusubiri miezi saba kibali cha kazi cha daraja M, kile cha wakimbizi. Cheti changu cha chuo kilibaki kabatini, mtaa wa Himbi. Kwenye usaili mmoja niliulizwa: "Sasa sisi tutajuaje kama kweli ulifanya kazi?" Sikukasirika. Swali hilo mimi mwenyewe nimewauliza wangapi?

Saa tatu. Kuli mmoja aingia na karatasi yake ya mshahara, vumbi la chai hadi kwenye nyusi.

"Mama, hii nyumba ninayokatwa, ni nyumba ya nani?"

Namvutia kiti. Mshahara 24,000. NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 6, hiyo 1,440. Bima ya afya asilimia 2.75, hiyo 660. Tozo ya nyumba za bei nafuu asilimia 1.5, hiyo 360, na tajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Kodi hakuna, msamaha umeimeza yote. Zabaki 21,540. Ahesabu kwa vidole, arudia, hesabu yamtoka ile ile.

"Basi hesabu ni sawa. Lakini nyumba sijaiona."

Hapo sina jibu. Makato ya Kenya niliyasoma usiku kwa simu, wiki nzima, kama mtoto wa shule. Sheria za Kongo nilikuwa nazo kichwani: likizo ya uzazi wiki 14. Hapa ni miezi 3. Vitu vinakaribiana kiasi cha kukuponza.

Saa tano. Nampelekea mkubwa wangu daftari la vibarua. Watu sita wamekuja kila siku kwa miezi mitano na bado wanalipwa kwa siku. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hakimwachi mtu kibarua milele. Siku zikiungana hivyo, huhesabiwa mfanyakazi wa mwezi.

"Mama, umetoka Kongo kuja kunifunza sheria ya Kenya?"

"Ndiyo, bosi."

Acheka, lakini daftari analibakisha mezani kwake. Kwa leo yatosha.

Saa saba, viazi karai vya hapo nje. Saa tisa kodi imekwenda, stakabadhi nimeichapa nakala mbili. Ya pili haitakiwi na mtu. Ni ugonjwa wangu tangu Goma.

Saa mbili usiku, Likoni. Simu yalia: dereva wetu wa zamani, sasa yuko Kampala, amepata mahali wanamtaka cheti cha kazi. Shirika limefungwa, muhuri sijui uko wapi. Nilichotoka nacho ni flashi yenye orodha ya mishahara ya Januari, iliyokuwa isainiwe Jumatatu tarehe 27. Siku hiyo waasi wa M23 waliingia mjini na benki zikafunga. Safu ya "amelipwa" bado ni tupu, majina 64.

Naandika kwa kufuata cheti cha Kenya: mwajiri, jina, kazi na mahali, siku ya kuanza, siku ya mwisho. Nakipenda kwa kuwa hakidai sababu ya kuondoka. Siku ya kuanza: 3 Machi 2017. Siku ya mwisho naweka 26 Januari 2025, Jumapili aliyotufikisha mpakani. Namtumia aisome.

Ajibu papo hapo: "Chef, tia 27. Kesho yake nililala mu motokari ya biro, niliichunga."

Nafuta 26. Naandika 27.