Ninaishi Peke Yangu, na Nyumba Naiendesha Kama Filamu

Kila nikisema naishi peke yangu, swali ni lile lile: "Nani anakusaidia?" Nikiongeza kwamba natengeneza filamu za vikaragosi, wanamgeukia mama yangu wathibitishe. Thibitisheni tu.

Nina usonji, kwa Kiingereza autism. Niligunduliwa nikiwa mtu mzima, baada ya kuitwa mwenye kiburi, mvivu na mtoto wa mama. Baadaye nilisoma kwamba daktari Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 wenye hali hii, wasichana walikuwa 3 tu, na kwa miongo mingi watu wakisikia usonji wakamfikiria mvulana. Isitoshe, wengi wetu wanawake tuna kipaji cha kujificha. Mimi nilikariri wenzangu wanacheka vipi na wanatazamana machoni kwa muda gani, kisha jioni najitupa sakafuni sina hata nguvu ya kuvua viatu.

Nilipotangaza kuhama kwa mama, ushauri ulimiminika. Ulioniudhi kuliko wote ni wa orodha. "Andika orodha ya kazi, mdogo wangu, ubandike ukutani." Dada akaniandikia mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: Safisha jikoni. Fua. Lipa umeme. Nilisimama mbele ya karatasi ile asubuhi nzima. "Safisha jikoni" si kazi, ni jina la ukoo wa kazi! Unaanza na vyombo au sakafu? Ukianza na vyombo, ukishaviosha unaviweka wapi na meza haijafutwa? Dada alirudi akanikuta pale pale, jikoni kuchafu vile vile, macho yamenivimba kwa kulia. Akafoka: "Mbona kusogeza kikaragosi kutwa nzima unaweza?"

Alisema kwa hasira, lakini katika ushauri wote niliopewa, hakuna ulionifaa kama swali lile.

Filamu hizi hupigwa picha moja moja. Unamsogeza kikaragosi kidogo, unapiga, unamsogeza tena. Sinema huenda kwa fremu, yaani picha, 24 kwa sekunde, ila wengi tunapiga picha 12 na kila moja inahesabiwa mara mbili. Kwa hiyo dakika moja ni picha 720. Hakuna anayekabili picha 720 akiwa na karatasi iliyoandikwa "mtembeze mpaka mlangoni". Kwanza unachora visanduku: mkono uko hapa, mlango umefunguka kiasi hiki. Basi nikachora usafi wa jikoni. Sinki limejaa povu. Sinki tupu, vyombo vimeinamishwa kulia. Meza inang'aa, kitambaa kimeanikwa. Hakuna neno hata moja. Na ujanja wenyewe uko hapa: sichori kitendo, nachora hali ilivyo kitendo kikiisha. Natazama mchoro, natazama sinki. Kama havifanani, kazi bado. Kufua kuna michoro yake, na asubuhi ya siku ya kutoka ina yake, ndefu kuliko zote. Kisanduku chake cha mwisho ni simu yangu ikipiga picha swichi za jiko zikiwa zimezimwa. Zamani nilikuwa narudi katikati ya safari kuhakikisha. Siku hizi nafungua picha tu, naendelea na safari.

Simu sipokei za ghafla. Nikilazimika kupiga, naandika maneno yangu yote kwanza, hadi "asante, kwaheri".

Halafu kuna wale wa "utazoea". Waliniambia msanii hakui akijifungia, atafute chumba cha kazi cha pamoja, kelele atazizoea. Nikalipia meza, tena kwa miezi kadhaa mbele, pesa iliyoniuma. Taa za mirija zilikuwa zinavuma juu ya kichwa changu. Kila aliyepita, sakafu ya mbao ilitikisika na kamera nayo. Kulikuwa na kaka mmoja mpole, shati jeupe daima, aliyependa kuinama juu ya seti yangu, yaani mandhari ndogo ya vikaragosi, kuuliza ninaendeleaje. Nikavumilia, nikapiga tukio zima la mwanamke anayepanda ngazi. Nilipolicheza, ngazi zinacheza, mwanamke anatetemeka kama mwenye homa, na kila baada ya muda chumba chote kinang'aa ghafla kisha kinafifia. Lile lilikuwa shati la kaka! Nguo nyeupe huakisi mwanga juu ya seti. Na kuhusu kuzoea: mwongozo wa chama cha madaktari wa akili cha Marekani, toleo la 2013, umeweka masuala ya hisi, kelele zikiwemo, kati ya dalili za usonji. Sijaidekeza nafsi yangu.

Nikarudi nyumbani. Dirisha nikalifunika kitambaa cheusi, maana jua husogea na wingu hupita. Taa mbili zisizovuma, kamera nikaizuia isijirekebishie mwanga yenyewe, miguu ya stendi nikaigundisha sakafuni. Na mavazi? Nina fulana nyeusi za aina moja tu, lebo zimekatwa, na watu wamezicheka miaka na miaka. Kumbe nilikuwa nimeshavaa sare ya kazi.

Riziki inatokana na kusafisha mistari ya michoro ya watu wengine, nusu siku nusu siku. Hainoneshi, lakini kodi inalipwa. Filamu yenyewe ni ya dakika nne na kidogo, inamhusu mwanamke anayezifungia sauti za mtaa kwenye mitungi. Ilionyeshwa kwenye tamasha dogo. Wakanitaka jukwaani kujibu maswali. Nikaomba waniletee kwa maandishi, nikajibu nikiwa nyuma kwenye kiti cha pembeni, mtu akanisomea. Wakakubali bila shida. Kumbe ni kuomba tu.

Sasa niko kwenye ya pili, na ina paka. Manyoya ni balaa: kila nikimgusa yanalala upande mwingine, filamu ikichezwa paka anaonekana anachemka. Nimejaribu dawa ya kunyunyizia nywele. Yalitulia kweli, lakini harufu ilinifukuza chumbani mimi mwenyewe. Jumamosi namnyoa.