Matofali ya Wafyatua Vigae: Majengo ya Enzi ya Meiji kwa Macho ya Fundi

Katika kiwanda cha hariri cha Tomioka, mkoani Gunma nchini Japani, lango la ghala la mashariki limepambwa kwa tao la matofali, na katika jiwe la katikati ya tao hilo umechongwa mwaka wa ujenzi: mwaka wa 5 wa Meiji, enzi ya mfalme wa Japani iliyoanza 1868, yaani 1872. Nimeitazama picha ya jiwe hilo mara nyingi mno. Kilichonivutia mwanzoni ni umbo la tao, ambalo kwa hakika ni la Kizungu. Siku hizi kinachonivutia zaidi ni wale waliolijenga, kwa sababu kabla ya hapo hawakuwa wamezoea kujenga kwa matofali ya kuchoma hata kidogo.

Husemwa mara kwa mara kwamba majengo ya wakati ule ni nakala za Ulaya. Sikubaliani na kauli hiyo, na Tomioka ndiyo hoja yangu ya kwanza.

Serikali mpya ya Meiji ilihitaji fedha za kigeni, na hariri ghafi ndiyo iliyokuwa bidhaa yake kuu ya kuuza nje, ila wanunuzi walilalamika kwamba ubora wake ulikuwa ukishuka. Ndipo alipoajiriwa Mfaransa Paul Brunat, aliyeijua biashara ya hariri, na ramani za majengo zikachorwa na Mfaransa mwenzake, Auguste Bastien, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana za meli za Yokosuka. Michoro ilipokamilika, ikabaki kazi ya kupata vifaa. Vioo vya madirisha na mitambo vililetwa kutoka Ufaransa. Matofali hayakuwa na pa kutoka. Waliokabidhiwa kazi hiyo ni mafundi wa kufyatua vigae vya paa kutoka upande wa Fukaya, katika mkoa jirani wa Saitama, ambao walitafuta udongo unaofaa karibu na eneo la ujenzi, wakajenga tanuri na kujifunza kuchoma kitu ambacho hawakuwahi kukichoma. Saruji haikupatikana kwa urahisi, hivyo tofali liliunganishwa na tofali kwa chokaa, ile ile ambayo kwa karne nyingi ilipakwa kwenye kuta za maghala na ngome za Kijapani. Juu ya yote hayo likawekwa paa la vigae vya kienyeji.

Ukiutazama ukuta kwa karibu utaona kwamba tofali moja limelazwa likionyesha ubavu wake mrefu, na linalofuata likionyesha kichwa, hivyo hivyo hadi mwisho wa mstari. Wajapani huuita mpangilio huo wa Kifaransa, ilhali Ulaya kwenyewe huhesabiwa kuwa wa Flandria, eneo lililo Ubelgiji ya leo; kosa dogo ninalolipenda, kwa maana linaonyesha walijifunza kutoka kwa nani. Rangi ya matofali nayo hailingani, kwani moto wa tanuri haukuwa sawa kila mahali. Tena ukuta huo haubebi jengo. Mzigo umebebwa na fremu ya nguzo na boriti za mbao, na matofali yamejaza nafasi zilizo katikati yake. Seremala wa Kijapani hakuhitaji kufundishwa kuunganisha nguzo na boriti. Kilichokuwa kigeni kwake ni kenchi, yaani fremu za pembetatu zinazobeba paa, ambazo ziliwezesha ukumbi wa kuvuta nyuzi, wenye urefu wa takriban mita 140, kukaa bila nguzo hata moja katikati. Humo mlipangwa mabeseni 300, na mbele ya kila beseni msichana alivuta nyuzi kutoka kwenye vifukofuko vya viwavi vilivyolowekwa katika maji ya moto. Mwanga uliingia kupitia madirisha makubwa, na mvuke ulitoka nje kupitia kipaa kidogo kilichoinuliwa juu ya paa kuu.

Wasichana hao hawakupatikana kwa urahisi. Uvumi ulienea kwamba Wafaransa hunywa damu ya watu, na inaelezwa kwamba chanzo chake kilikuwa mvinyo mwekundu, hadi mkuu wa kwanza wa kiwanda, Odaka Atsutada, akamwandikisha binti yake mwenyewe ili wengine wapate imani.

Hoja yangu ya pili iko katika mji wa Matsumoto, mkoani Nagano, katika shule ya Kaichi iliyokamilika mwaka 1876. Hapa hapakuwa na mhandisi wa kigeni. Seremala Tateishi Seiju alikwenda kutazama majengo mapya ya Tokyo na Yokohama, kisha akarudi kujenga alichokielewa. Pembe za kuta zinaonekana kama zimejengwa kwa mawe ya kuchonga, kumbe ni lipu ya chokaa iliyopakwa juu ya jengo la mbao. Juu ya mlango, malaika wawili wa Kizungu wameshika kibao chenye jina la shule, na chini yao amejikunja joka la mbao ambalo lingeweza kukaa katika hekalu lolote. Anayecheka mchanganyiko huo ana haki yake. Mimi naona seremala aliyekataa kuacha alichokijua. Sehemu kubwa ya gharama ilitokana na michango ya wakazi wenyewe, na mwaka 2019 jengo likatangazwa kuwa hazina ya taifa.

Baada ya Mwingereza Josiah Conder kufika mwaka 1877 na kuanza kufundisha usanifu majengo, wanafunzi wake, akiwemo Tatsuno Kingo aliyesanifu stesheni ya Tokyo ya mwaka 1914, walijua sheria za Ulaya barabara. Kazi zao ni nzuri, lakini sizirudii mara nyingi. Tetemeko la ardhi la Nobi, katikati ya Japani, la mwaka 1891 lilikuwa limekwisha kuangusha majengo mengi ya matofali, na lile la Kanto, eneo la Tokyo, la 1923 likamaliza mengine.

Kiwanda cha Tomioka kilisitisha kazi mwaka 1987. Kampuni iliyokimiliki haikukibomoa wala kukiuza, bali ilikitunza kwa gharama zake hadi mwaka 2005 ilipokikabidhi kwa mji, na mwaka 2014 kikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwenye baadhi ya matofali yake bado inaonekana mihuri ya wale wafyatua vigae.